Ndege Kumi na Wawili wa Maman Saida

Nina tabia mbaya, na watoto wangu wamechoka kunitetea. Nikiingia kwa watu nikapewa chai, kabla sijaonja nainua kikombe juu kidogo na kuchungulia chini yake. Nikipewa sahani tupu, naigeuza. Mwaka juzi, kwenye harusi ya mtoto wa jirani hapa Kamembe, niligeuza sahani ambayo haikuwa tupu, na mchuzi wote ukaishia kwenye mushanana wangu, vazi langu la sherehe. Mume wangu alitazama dari. Wenyeji walidhani natafuta uchafu. Mimi nilikuwa natafuta samaki mdogo wa buluu, hazidi punje ya mchele, mwenye herufi mbili na namba chini ya mkia wake. Basi majuzi, siku ya arobaini ya marehemu Maman Saida, niliketi mkekani sebuleni kwake pamoja na wanawake wengine, nikapewa chai ya tangawizi, nikakiinua kikombe bila kufikiri, na samaki alikuwepo. Saida, binti yake, alicheka mpaka akalazimika kuweka birika chini. "Mama njo alikuharibu hivi," akasema. Nami nikacheka, na machozi yakaja, na kwa muda mrefu sikujua ni yapi ya kicheko na yapi ya msiba.

Aliniharibu kwa mwaka mmoja tu. Habari za kwetu, tulitoka wapi na tulifikaje, nitaziacha. Kila nyumba ya mtaa huu inazo na zinafanana. Itoshe kusema nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimekulia Bukavu, nimevuka mto wa mpakani na kuanza maisha upande huu bila kazi yoyote, na nikasikia kwamba kuna mama Mwislamu karibu na soko la Kamembe anatafuta msichana anayejua kusoma. Duka lake mbele lilikuwa la vitenge. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha chini, mwanamke mnene mwenye mikono midogo ajabu, akinitazama kwa kugeuza kichwa upande, kama kuku anavyotazama punje. Nilidhani ni dharau.

"Uko na macho?" aliniuliza.

Nikasema ninayo mawili.

"Ya kuona, ao ya kupamba sura?"

Akanipa sahani iliyogeuzwa chini juu. Nikasoma alichotaka nisome: taji dogo, neno la Kifaransa lililofifia, namba tatu. Nikaongeza kwamba kuna mstari mwembamba kama unywele, umeanzia ukingoni na kufika karibu na taji. Aliivuta sahani karibu na uso. Kisha akapitisha kidole mahali pale pale nilipopataja, akatikisa kichwa, akaiweka sahani kando kwa hasira, kwa kuwa ndiyo kwanza alikuwa ameinunua na hakuuona ule mstari.

"Kesho saa mbili," akasema. "Hapana kuchelewa. Na izo kucha, kata zote. Acha moja tu, ya kidole ya katikati."

Ile kucha moja ndiyo iliyokuwa chombo cha kazi. Nilijifunza matumizi yake katika chumba cha ndani, nyuma ya duka, na nikifumba macho hata sasa naweza kuingia mle na kutembea bila kugonga kitu. Kulikuwa na dirisha moja linalotazama ziwa, meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kufuma, na makabati matatu ya vioo yaliyojaa vyombo vya mezani vya watu waliokwisha kuondoka: mabakuli ya supu yenye vifuniko, birika zenye midomo kama shingo za bata, sahani ambazo ukingo wake ulikuwa wa dhahabu kweli. Vilitoka kwenye nyumba za zamani za ng'ambo, Bukavu, ambako Wabelgiji waliviacha na watu wakavitumia walivyoweza, vingine kulishia mbwa. Maman Saida alinifundisha kukishika kikombe kwenye mwanga wa dirisha na kutazama kivuli cha vidole vyangu kupitia ukuta wake. Ukiviona vidole, ni porselini, usipoviona, ni udongo uliopakwa rangi. Alinifundisha kukigonga kwa ile kucha na kusikiliza. Kizima kinaimba na kuendelea kuimba. Chenye ufa kinasema neno moja na kunyamaza. Alinifundisha pia kwamba mimi na dada zangu wote, na mama zetu, tulikuwa waharibifu wakubwa, kwa maana tulisugua vyombo kwa majivu na mchanga mpaka ving'ae, na dhahabu yote ikaenda na maji ya povu. Aliposema hivyo nilikumbuka sahani fulani ya nyumbani kwetu niliyoisugua kwa bidii utoto wangu wote, na nikataka kujificha chini ya meza.

Lakini makabati hayo yalikuwa biashara. Moyo wake ulikuwa juu ya rafu moja peke yake, kando ya dirisha, palipokuwa na vikombe vikubwa tisa vyenye mkono mnene na ukuta mwembamba. Fundi mmoja, mwanamke, aliwahi kukaa kando ya ziwa hili zamani na kuchora ndege wake, kisha akarudi kwao Ubelgiji akawaweka kwenye porselini. Jina lake hatukulijua kamwe, tulijua herufi zake mbili tu, na yule samaki wa buluu aliyemweka kama muhuri. Kila kikombe kilikuwa na ndege wake, na chini kilikuwa na namba, kuanzia moja hadi kumi na mbili. Palikuwa na furukombe akishuka na samaki, palikuwa na yangeyange amesimama kwa mguu mmoja, palikuwa na mwari mwenye uso wa mwalimu wangu wa hesabu. Nilipowaona mara ya kwanza nilishika mdomo. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kutazama ndege wa kwetu kwa makini hivyo, unyoya kwa unyoya, halafu akampa mtu anywee chai. Nilitamani kuvikamilisha vile vikombe kabla hata sijaambiwa kwamba havijakamilika.

Niliambiwa siku ya Ijumaa ya pili. Kila Ijumaa baada ya sala, vikombe vile vilishushwa, na kila aliyekuwepo akanywea chake. Siku nyingine zote tulikula kwenye sahani za bati, sombe, yaani kisamvu, na ugali wa muhogo na sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, ambazo Maman Saida alizila na vichwa vyake, lakini Ijumaa ilikuwa ya ndege. Siku ile alimimina chai nje ya kikombe. Aliimimina kwenye kitambaa, polepole, kwa adabu zote, huku kikombe kikiwa kando. Saida alikuwa amekwenda dukani. Tulikuwa wawili.

"Ya kushoto ilishakwisha," akasema, bila mimi kuuliza. "Ya kuume njo inafuata. Munganga alisema, pengine mwaka, pengine haifike mwaka. Sikia, Vestine. Sitaki watu banionee huruma. Ukisema hii maneno kwa muntu, utarudi kwenu."

Nikaapa. Halafu akaniambia anachotaka, na nilishangaa kwa kuwa sikutarajia mtu anayepofuka ataje jambo dogo hivyo. Hakutaka dawa wala safari. Alitaka kuwaona wote kumi na wawili juu ya meza moja, mara moja, kwa jicho lake mwenyewe. Wamebaki watatu, akasema, namba mbili, namba tano na namba saba, ambaye ni mdiria, yule ndege mdogo wa buluu anayejitupa majini. Nikamwambia tutawapata. Nilisema kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama mtu aliyelewa, na nilimaanisha kila neno.

Ningependa kusema nilifanya kazi mwaka ule, ila ukweli ni kwamba niliwinda. Mtu wetu wa Bukavu alikuwa mzee Balume, fundi saa wa zamani, aliyevuka daraja kila Jumanne na kikapu kilichojaa vyombo vilivyofungwa kwa majani ya mgomba. Tulimsikia akikohoa tangu kona ya soko, na mimi nilikuwa nimeshakata kamba kabla hajaketi. Yeye ndiye aliyeleta namba mbili, mnandi mweusi anayekausha mabawa, aliyemkuta kwa fundi cherehani mmoja kikombe kikiwa kimejaa vifungo na chaki. Tulipiga vigelegele mpaka wateja wa vitenge wakaingia kuuliza ni nani amejifungua.

Namba tano niliipata mimi mwenyewe, na nitajisifu bila haya. Maman Saida alikuwa amenituma Ruhwa, mpakani, kuchukua mzigo wa vitenge kutoka kwa mwenzake wa Burundi. Mwenzake alichelewa. Nikawa natembea kati ya wauzaji, jua kali, watu wanagombania kivuli, na mama mmoja alikuwa ameketi mbele ya madumu ya mawese akipimia wateja kwa kikombe. Kilikuwa chekundu chote kwa mafuta, nje na ndani, hakina rangi nyingine. Lakini alipokiinamisha, jua likapita kwenye ukuta wake, na nikaviona vidole vyake. Miguu yangu ilisimama yenyewe. Nikanunua mawese ambayo sikuyahitaji ili tu nimwombe nikishike. Nikakigonga kwa kucha, na kikaimba katikati ya makelele yote yale, na mafuta yote yale. Nikakipangusa kwa ncha ya kitenge changu, na kutoka chini ya wekundu ukajitokeza ushungi wa dhahabu, kisha jicho, kisha umusambi mzima, korongo mwenye taji, akicheza na mabawa wazi.

"Mama," nikasema, huku nikipangusa macho, "nikikuletea kipimio kipya, kizuri, cha chuma, utanipa hiki?"

Alinitazama kwa mashaka. "Kiko na shida gani?"

"Hakina shida."

"Basi mbona unalia?"

Nilikimbia nikanunua kipimio kipya, na kwa kuogopa atabadili nia nikaongeza kitenge nilichokuwa nimejifunga juu ya sketi. Nikarudi Kamembe na mzigo kichwani na kikombe ndani ya blauzi, mawese yakinitiririka tumboni. Maman Saida hakukitazama kwanza. Alikinusa, akakipapasa taji, akasema, "Mufalme wetu alikuwa anauzisha mafuta," akacheka kicheko kilichomtikisa kiti. Usiku sikuona usingizi kwa furaha.

Akabaki mmoja, na hapo ndipo mambo yalipokwama. Mzee Balume alizungusha neno Bukavu nzima: anatafutwa mdiria, namba saba. Jumanne zikapita. Mvua za kwanza zikaja. Wakati fulani mtu alimuuzia Balume kikombe chenye mdiria mwenye shingo ya kuku, nasi tulipokimwagia chai ya moto ndege akayeyuka na kuelea juu. Maman Saida akaanza kuhesabu ngazi za nyuma kwa mguu. Akaanza kuniuliza kitenge hiki ni cha kijani au cha buluu, kana kwamba ananitahini. Mimi nilikuwa nimejaa hamu na hofu kwa pamoja, na kilichonikera zaidi ni kwamba kila nilipotaja namba saba alibadilisha habari. Siku moja nikamuuliza swali lililokuwa likinisumbua. Kama vikombe hivi viliwahi kutengenezwa kumi na viwili, na yeye hajawahi kumwona namba saba, alijuaje kwamba namba saba ni mdiria?

Alisema vitunguu vinaungua. Hakukuwa na vitunguu jikoni siku ile.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo ningepaswa kulielewa mapema. Mwanzoni kabisa mwa kazi yangu, jirani alituletea bakuli la maharagwe, nikaliosha vizuri na kuanza kulirudisha. Maman Saida alinisimamisha mlangoni kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia. "Tupu? Unarudisha chombo ya muntu tupu?" Bila shaka nilijua, nyumbani pia hatufanyi hivyo, chombo kilichokuja na kitu hurudi na kitu, hata kama ni chumvi kidogo, nilikuwa nimesahau tu kwa haraka. Nikatia vitunguu vitatu nikaenda. Sikuhusisha hilo na chochote, mpaka alasiri moja ya mvua, nilipokuwa nikipanga vitenge mbele, nikasikia sauti ya Saida, ambaye kumbe naye alijua habari ya macho, kupitia ukuta wa mbao.

"Mama, macho haitakungoja. Nkungu haiko mbali. Enda kwa Maman Odeta, umuombe."

"Nitamwambia nini? Bonjour, Maman Odeta, nirudishie kikombe ya supu? Muntu alikuwa muzazi! Nilimutumia supu ju alizaa, sasa nimudai chombo?"

"Imekuwa miaka kumi na tatu."

"Njo maana. Akitaka kuirudisha, angeirudisha. Alinikatia urafiki ju ya kikombe, basi akae nayo. Nitatafuta ingine."

Nilisimama na kitenge mkononi. Kumbe mdiria ndiye aliyekuwa wa kwanza kabisa, kabla Maman Saida hajajua kwamba ana ndugu kumi na mmoja. Alikuwa kikombe kizuri tu, chenye kubeba supu nyingi, na alikwenda na supu ya kuku kwa jirani aliyejifungua. Mwaka mzima nilikuwa nimezunguka mipaka ya nchi mbili, na Balume amepekua mji mzima, tukitafuta pacha wa kikombe kilichoko Nkungu, kwa sababu wanawake wawili waliona haya. Nilikasirika. Halafu, nasema kweli, nikaanza kucheka peke yangu kati ya vitenge, kwa msisimko, kwani mdiria alikuwa na anwani.

Niliomba ruhusa ya siku moja, nikasema nakwenda kununua maharagwe. Pikipiki ilipanda vilima vya Nkungu kwenye matope na mimi nilimshika dereva kiasi kwamba alilalamika. Haikuwa vigumu kumpata Maman Odeta. Nilimkuta uani akichambua mbegu kwenye ungo, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye rozari shingoni, na msichana wa miaka kumi na mitatu akimsaidia. Nilikuwa nimetunga uongo mzuri njiani, habari ya maharagwe. Nikasema tu kwamba ninatoka Kamembe, ninafanya kazi kwa Maman Saida. Mbegu zikasimama mikononi mwake.

"Amekutuma?"

"Hapana."

"Amesema nini ju yangu?"

Hakungoja jibu. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kisanduku cha mbao kilichokuwa na nguo za ubatizo za mtoto, na katikati ya nguo zile, amefungwa kwa kitambaa cheupe, alikuwa mdiria. Anajitupa kuelekea majini, buluu tupu, mdomo mbele. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo. Nilikigeuza: samaki, herufi mbili, saba. Hakuwa na mkwaruzo hata mmoja.

"Sikunywea hata siku moja," Maman Odeta alisema. "Niliona, kikombe kama ile, ningeirudisha na nini ndani? Viazi? Mwaka ya kwanza nikasema asali. Nyuki bakahama. Mwaka ya pili nikasema mayai, nikaona, mayai ndani ya kintu kama hii ni matusi. Kisha tukahamia huku. Kisha ikakuwa haya. Nikienda Kamembe, ninapita njia ya nyuma ya soko, asinione mikono mitupu. Yeye anasemaka nini, nilimuiba?"

"Anasema ulimkatia urafiki."

Alikaa chini juu ya mbegu zake. Nikamwambia nipe basi, nitakipeleka leo hii, kabla jua halijazama kitakuwa mezani. Akakivuta kifuani.

"Tupu? Weye ulilelewa wapi?"

Nikamsihi. Akasema mwaka huu mizinga ina dalili nzuri, baada ya mvua ataleta asali mwenyewe. Baada ya mvua! Niliona rafu ile kando ya dirisha, na Maman Saida akigeuza kichwa chake kutafuta mwanga. Nikavunja kiapo changu. Nilimwambia habari ya macho, yote, la kushoto na la kulia, na kauli ya daktari. Nilijua nafukuzwa kazi kwa maneno yale na niliyasema kwa haraka ili nisiwahi kujizuia. Maman Odeta alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akageuka kwa binti yake.

"Odeta, kamata ule kuku mukubwa."

Hakumchinja. Alijua anakokwenda. Alhamisi asubuhi, mimi nikifagia mbele ya duka, niliwaona wakija kwa njia ya mbele ya soko, mama ametangulia na binti anamfuata na kuku hai kwapani. Walipita kwanza kwa mchinjaji wa karibu na msikiti, kisha wakaingia kwa mlango wa uani, na Maman Odeta akafunga kitenge kiunoni na kuanza kupika katika jiko la mwenyeji bila kuuliza chungu kiko wapi, kwa kuwa hakikuwa kimehama. Mimi nilimzuia Maman Saida chumba cha ndani. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilikuwa nimeshavipanga vikombe kumi na kimoja mezani.

"Nani iko jikoni?"

"Mgeni."

"Mugeni anapika kwangu?" Akavuta pumzi kwa pua. Tangawizi, kitunguu saumu, kuku. Akashika ukingo wa meza. "Vestine. Umefanya nini?"

Mlango ukafunguka. Maman Odeta alikuwa ameshika sinia kwa mikono miwili, na juu ya sinia mdiria alikuwa anafuka moshi, amejaa pomoni. Alisimama pale kama msichana anayengoja kukaripiwa.

"Maman Saida, nimekuya kurudisha kikombe."

Maman Saida akageuza kichwa upande, akalielekeza lile jicho lake moja.

"Umekawia."

"Kuku alikuwa mudogo. Nilingoja akomee."

Aliyeanza kucheka sikumbuki ni nani. Nakumbuka sinia ilibidi niichukue mimi, kwa maana wale wanawake wawili wazima walikuwa wameshikana shingoni wakilia na kucheka na kulaumiana kwa pamoja, huyu anasema ungeleta hata tupu, yule anasema ungekuja hata kudai. Kisha Maman Saida aliuliza mtoto yuko wapi, akamvuta Odeta karibu, akampapasa mashavu na mabega. "Kumbe njo huyu supu ilijenga," akasema. "Ilijenga muzuri." Akanywa ile supu yote bila kupumzika, akapangusa kikombe kwa kitambaa, akaenda nacho dirishani na kukileta karibu na jicho mpaka pua ikagusa ndege. Alikaa hivyo muda mrefu. Akaja mezani, akakiweka kati ya namba sita na namba nane, akasogea nyuma hatua mbili, na akawataja wote kwa sauti, mmoja mmoja, bila kukosea, kumi na wawili. Siwezi kueleza furaha niliyokuwa nayo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilidhani dunia nzima imekamilika juu ya kitambaa kile cha kufuma.

Jioni ile aliniita. "Ulisema maneno ya macho yangu."

"Nilisema, Maman."

"Nipe makasi."

Akashika mkono wangu, akatafuta kidole cha katikati, akaweka mkasi kwenye ile kucha. Nilifumba macho. Akashusha pumzi, akaurudisha mkono wangu mapajani kwangu, akaniuliza kama kuna supu imebaki.

Jicho lake lilimstahimilia Ijumaa nyingi kuliko alivyoahidiwa, na lilipozima aliendelea kuwajua ndege wake kwa kidole, kwa jinsi dhahabu ilivyoinuka. Mwaka uliofuata mimi niliolewa nikaanza duka langu mwenyewe. Ile kucha ninayo mpaka leo.

Siku ya arobaini, nilipokuwa naaga, Saida alisema amesikia mume wangu anaumwa mgongo. Kabla sijakataa alikuwa ameshakwenda jikoni, akarudi na supu ya kuku ndani ya kikombe, kimefunikwa kisahani. "Pelekea Papa Aline," akasema, yaani mume wangu. Nikatazama, alikuwa mdiria. Maman Odeta, ambaye sasa ana meno machache na alikuwa bado ameketi mkekani, alinitazama nikikipokea kwa mikono miwili. "Angalia sana," akasema. "Ile kikombe iko na mazoea."

Mume wangu alikunywa supu akapona. Kikombe nilikiosha kwa maji ya vuguvugu, bila majivu, nikakiweka kabatini kwangu, nikaanza kufikiri nitakirudisha na nini. Pilau? Saida anapika pilau nzuri kuliko yangu. Asali ya Nkungu, nikasema, lakini msimu wake bado. Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Na jana, nikienda kununua nyanya, nilijikuta nimeshika njia ya nyuma ya soko.

Nilisimama pale pale katikati ya njia, watu wakinisukuma. Sikununua nyanya. Kuku amefungwa mguu hapa uani, anapiga kelele tangu alfajiri, si mkubwa sana, na wala sina mpango wa kumngoja akomae. Nimeshajifunga kitenge. Nampeleka kwa Saida akiwa hai, pamoja na kikombe, na ninapita mbele ya soko.